Marufuku Kuvua Kapu

Bwana Manyoya alikuwa na jina lake la kizungu, lakini pale Isansa sikuwahi kumsikia mtu akilitaja isipokuwa Karani Lusubilo, na huyo alilitaja huku akilamba midomo. Sisi wengine tulimwita Manyoya kwa sababu alinunua majogoo kwetu na hakula hata mmoja. Alichotaka ni manyoya ya shingoni. Aliyafunga kwenye ndoano kwa uzi wa hariri, amekaa kibarazani kwake na miwani puani, mtu mzima mwenye ndevu, akitengeneza nzi. Nzi! Nchi hii ilivyojaa nzi, yeye alikaa kutengeneza wengine.

Shamba lake la kahawa lilikuwa juu ya mto, na kahawa yenyewe ilisimamiwa na wanyapara, kwa hiyo Bwana alikuwa na siku nzima ya kufanya upuuzi. Mwaka wa pili baada ya vita ya Hitla akaleta samaki. Walitoka huko Rodesia, wakapita Tunduma ndani ya lori, kwenye mapipa ya maji yaliyofunikwa kwa magunia mabichi ili wasisikie joto. Wanyapara waliambiwa wayashushe mapipa taratibu. Hao hao wanyapara walikuwa wakirundikwa kwenye lori lile lile bila gunia wala maji, lakini tuliache hilo.

Mto wetu ulikuwa na samaki tayari. Tulikuwa na kambare, na wale wadogo tunaowakausha juu ya moto, lakini hao Bwana hakuwataka, nadhani kwa kuwa walikuwa wenyeji. Samaki aliowaleta walikuwa wanene, wana magamba makubwa na midomo ya kunyonya, na kazi waliyoijua ilikuwa moja tu, kuchimba tope. Mto ambao zamani ungeweza kuhesabu kokoto zake ukageuka kuwa togwa. Tulichota maji asubuhi, tukayaacha yatulie mpaka mchana ndipo tupike. Tukawaita nguruwe wa maji. Jina lao la kweli hatukulijua wala hatukuuliza, maana nguruwe akiwa shambani kwako humuulizi jina.

Na uvuvi wenyewe sasa. Kila jioni Bwana alisimama ukingoni na fimbo ndefu nyembamba, akautupa uzi nyuma, akautupa mbele, nyuma, mbele, mpaka yule nzi wake wa manyoya akatua juu ya maji. Samaki walikuwa chini kabisa, pua ndani ya tope, wala hawakuwa na habari naye. Siku moja moja mpumbavu mmoja alipanda juu akameza. Hapo Bwana alipiga kelele, akavutana naye mpaka jua likaingia, akamtoa, akamtazama kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuona akimtazama nayo binadamu, akamchomoa ndoano mdomoni, kisha akamrudisha majini. Mara ya kwanza nilidhani ameteleza. Hakuteleza. Ndiyo mchezo ulivyokuwa: umtoboe kiumbe mdomo, umchoshe, umuage, uende zako ukale nyama ya kopo.

Ningecheka tu na kupita kama si habari ya wifi yangu Ruti.

Ruti aliolewa na kaka yangu. Kaka alifia kwenye machimbo ya dhahabu, akamwachia watoto na kipande cha bonde pale kivukoni, bustani ya maharage na mahindi ya kiangazi, na migomba michache pembeni. Huko juu kilimani shamba lake lilikuwa mawe matupu. Watoto wale walikula kutoka kwenye lile bonde. Ukimnyang'anya Ruti lile bonde umemnyang'anya sufuria mekoni.

Sasa Bwana Manyoya alipenda kusimama mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa mbele ya bustani ya Ruti. Uzi wake ulipokwenda nyuma ulinasa kwenye mahindi. Akiunasua kwenye mahindi unanasa kwenye mgomba. Mto mzima ulikuwa wake, toka juu mpaka chini, lakini samaki wake walipenda tope la kivukoni, naye aliwafuata samaki wake.

"Wewe mama," akamwambia Ruti siku moja, kwa kile Kiswahili chao cha shambani, "kata hii yote. Inaharibu kazi yangu."

"Kazi gani, Bwana?" Ruti akauliza. Aliuliza kwa heshima kabisa, ameinamisha kichwa.

Bwana akapanda gari akaenda bomani. Boma likamjibu kwamba bustani ya mwenyeji ilitolewa na jumbe, na haiondolewi mpaka mwenye bustani apatikane na kosa mbele ya baraza la jumbe. Nadhani hata huko walikuwa wamemchoka. Lakini Bwana hakusikia neno "haiondolewi", alisikia neno "kosa". Akarudi akitafuta kosa la kumbandika Ruti.

Alimwita Karani Lusubilo. Huyu alikuwa karani wa baraza letu, kijana kutoka Tukuyu, mwenye kalamu mbili mfukoni na maringo ya watu kumi. Alituambia mara nyingi kwamba sisi Wanyiha Kiswahili chetu ni cha kuokotaokota, na kwamba yeye amekisomea. Bwana akamwambia aandike kibao cha kukataza watu wasiguse samaki wake. Lusubilo akakiandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi, herufi zimesimama wima, akakipigilia kwenye nguzo pale kivukoni: NI MARUFUKU KUVUA KAPU HAPA. KWA AMRI.

Kapu, kumbe, ndilo jina la wale nguruwe wa maji kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo Bwana alivyolitamka, na hivyo ndivyo Lusubilo alivyoliandika. Sisi hatukujua. Sisi kapu tulilolijua ni lile la mianzi analojitwika mwanamke.

Jumbe Enoka aliitisha watu kivukoni kulisoma tangazo. Jumbe Enoka alikuwa mtu wa kuogopa kila mwenye viatu na kuogopwa na kila asiye navyo. Alikuwa anajua kusoma, jambo ambalo hakutaka mtu alisahau hata siku moja, akasoma kwa ile sauti yake ya kanisani, neno moja moja. Tukamwona akitafuta maana. Alitafuta muda mrefu.

"Kuvua ni nini?" akasema mwishowe. "Kofia unaivua, inatoka kichwani. Basi kapu nalo, ambalo makao yake ni kichwani, ukilitoa kichwani umelivua. Bwana hataki mtu atoe kapu kichwani hapa kwenye ukingo wake."

"Baba," nikasema, "lakini hiyo si tunaita kutua?"

"Kutua ni Kiswahili cha kwenu," akanijibu. "Hiki ni Kiswahili cha serikali."

Lusubilo alikuwa amesimama pale pale, ubavuni mwa nguzo. Alijua maana ya kibao chake. Alifungua mdomo, akautazama uso wa Jumbe, akautazama umati wa watu ambao amewatukana mwaka mzima kwamba hawajui Kiswahili, akaufunga. Kusema ukweli kungemlazimu akubali kwamba maandishi yake mazuri hayakueleweka na mtu hata mmoja. Msomi yule aliona heri watu waumie shingo kuliko yeye aone haya.

Na shingo ziliuma kweli. Kivukoni pale ndipo tulipokuwa tukipumzika. Unatoka mashambani na kapu la mahindi, unalitua ukingoni, unanawa uso, unapata maneno mawili matatu na wenzako, unasaidiwa kujitwika, unaukabili mlima. Sasa ikawa unavuka na mzigo kichwani, unapanda mlima na mzigo kichwani, mpaka nyumbani. Jumbe akaweka mtu wa kuchungulia. Atakayekutwa ametua kapu kivukoni anakwenda kupalilia kahawa ya Jumbe wiki nzima. Kahawa ya Jumbe haikuwahi kupendeza namna ile. Mimi mwenyewe niliipalilia, mtoto mgongoni, kwa kosa la kutua kapu la viazi ili nimnyonyeshe huyo mtoto. Nilimdharau Jumbe kila jembe lilipoingia ardhini, na hata kwaresima sikuacha.

Masika ya mwaka ule mto ulifurika ukaingia bustanini kwa Ruti. Maji yalifika magotini, na pamoja na maji wakaingia wale nguruwe. Nilikuwa naye asubuhi ile, tumekwenda kuokoa maharage. Tuliwakuta wamejaa kati ya matuta, migongo nje, wananyonya mizizi, mche mmoja unaelea huku, mwingine kule. Ruti alisimama akawatazama. Halafu sauti ikamtoka ambayo sikuwahi kumsikia nayo hata siku ya msiba wa kaka.

Kapu lilikuwa kichwani mwake, kwa amri. Hakulitoa. Aliinama kwa magoti, shingo imenyooka, akapapasa majini kwa mikono miwili, akamkamata mmoja chini ya mashavu, akamrusha juu. Samaki akatua kapuni. Akapapasa tena, akarusha tena. Niliacha maharage nikabaki kucheka mpaka mbavu zikaniuma, na Ruti naye, machozi yangali yanamtoka, akaanza kucheka.

Tulikuwa tukicheka hivyo Bwana Manyoya alipotokea ng'ambo. Alivuka bila kuvua viatu. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini macho yalikuwa yamefurahi, na hayo macho ndiyo yaliyonitisha. Kosa alikuwa amelipata.

"Weka chini!" akapiga kelele. "Weka chini kapu!"

Ruti akamwamkia. Kisha akanyoosha kidole kwenye kibao. "Bwana, nimekatazwa."

"Weka chini kapu yangu!"

"Hili ni langu, Bwana. Nimelisuka mwenyewe."

Basi tukaenda hivyo hivyo mpaka barazani kwa Jumbe. Ruti mbele, kapu kichwani, mkia wa samaki unachapa ukingo wa kapu na maji yanamtiririka mpaka kidevuni. Bwana nyuma yake, anavuja viatu. Mimi nyuma ya Bwana. Tulipopita, wanawake waliacha majembe wakatufuata.

Jumbe Enoka alimvutia Bwana kiti chake mwenyewe, kile chenye mto. Akampangusia. Wazee wa baraza wakakaa kwenye benchi, Lusubilo akakaa mezani na kalamu zake. Ruti aliachwa wima. Hakuna aliyemwambia atue kapu, na yeye hakuomba.

Bwana akasema, na Lusubilo akatafsiri, kwamba mwanamke huyu amevunja amri ya kibao, na kwamba kwa kosa hilo bustani yake ya kivukoni iondolewe leo leo, mahindi yakatwe na migomba ing'olewe. Alisema "leo" mara nyingi. Nikamwona Jumbe akitikisa kichwa kukubali kabla tafsiri haijaisha. Ruti naye alimwona. Akalishika kapu kwa mikono miwili.

"Ruti," Jumbe akasema, "umevua kapu kivukoni?"

"Sikulivua, Baba. Toka nyumbani mpaka hapa halijatoka kichwani. Nesta huyu, wifi yangu, ni shahidi."

"Naona na macho!" Bwana akaruka kwenye kile kiti. "Yeye navua kapu! Kapu tatu!"

Wazee wakamtazama Ruti kichwani. Mzee mmoja akainuka akamzunguka, akaenda mpaka nyuma yake, akarudi kukaa. "Mimi naona moja," akasema.

Watu wakaguna. Jumbe akamgeukia karani. "Huyu Bwana anasema kapu tatu. Mawili yako wapi?"

Lusubilo alikuwa anatoka jasho. "Bwana ana maana ya samaki, Jumbe. Yule samaki jina lake kapu."

"Kapu huyu au kapu hili?"

"Kapu huyu."

"Na kwenye kibao uliandika kapu huyu?"

"Kwenye kibao haikuhitajika, Jumbe, kwa sarufi ya..." Akaishia hapo. Msomi wetu, kalamu mbili, na hilo neno "huyu" ambalo lingetuokoa wote hakuliandika.

Jumbe alifikiri. Unaweza kudhani alikuwa anatafuta haki, lakini mimi nilimfahamu, alikuwa anatazama viatu vya Bwana. "Kama ni samaki," akaanza taratibu, "basi samaki wamo kapuni, tunawaona, na kosa..."

Sikungoja amalize. Nilisimama katikati ya wanaume, jambo ambalo halikuwa desturi barazani.

"Baba Jumbe," nikasema, "kama kapu ni samaki, mimi nilipalilia kahawa yako kwa kosa gani?"

Halafu nyuma yangu Ketrina akasimama. Yeye alikuwa amepalilia mara mbili. Felista akasimama, na mama yake Felista, mwanamke mzee ambaye alitumwa kupalilia na mgongo wake ule. Wakasimama mpaka wanaume waliokaa wakawa hawaoni mbele. Walimtazama Jumbe tu, na Jumbe akawatazama, na mimi nikayaona macho yake yakipita kutoka kwa mmoja hadi mwingine na kukuta kwamba kila mmoja ana tuta lake kwenye kahawa ile.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na kitu cha kuogopa kuliko viatu.

Alikohoa. Alivuta shuka lake. Akasema kwa ile sauti ya kanisani, ili isikike mpaka nje: "Kapu ni kapu. Nililisoma mwenyewe na nikalieleza mwenyewe, na amri ni ile ile niliyoieleza. Mwanamke huyu hakulivua. Hana kosa. Bustani ni yake. Na yeyote atakayetua kapu kivukoni, adhabu iko pale pale."

Bwana akamshika Lusubilo mkono kwa nguvu kutaka tafsiri. Alipoipata alisema maneno mengi ambayo Lusubilo hakuyatafsiri. Kisha akadai kiandikwe kibao kingine, na hapo karani wetu akafanya kazi moja ya maana katika maisha yake yote, nayo ni uongo. Alimwambia Bwana kwamba Kiswahili hakina neno lingine la samaki yule. Hakuwa akimwonea huruma Ruti. Aliogopa tu kibao cha pili kisije kikamwambia kila mpita njia kwamba cha kwanza kilikuwa kibovu. Bwana akaondoka zake akiamini kwamba lugha yetu ni maskini, na imani hiyo ilimfaa, maana alikuwa nayo toka alipokuja.

Samaki wale tuliwala jioni. Nyama yao ni tope na miiba. Watoto walitema.

Wengine waliimba njia nzima tukirudi. Mimi niliimba pia, nisijifanye mwerevu. Nilijiona nimemshinda Jumbe barazani kwake, mbele ya wazee wake.

Maji yaliposhuka, maharage yaliyonusurika yakakomaa, nikaenda kumsaidia wifi yangu kuvuna. Bwana Manyoya alikuwa ng'ambo na fimbo yake, nyuma, mbele, nyuma, akitafuta pembe ambayo migomba haimfikii, na jicho moja kwetu. Mtu wa Jumbe alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, jicho moja kwetu pia. Nilifika kwenye kona ya bustani, nikalitua kapu langu kwenye tuta kama mtu mwenye akili zake. Wiki moja ya kupalilia sikuiogopa tena. Ningeipalilia kahawa ya Jumbe huku nikimwimbia.

Ruti alikuwa katikati ya maharage, kapu kichwani. Alikuwa anachuma kwa kuchuchumaa, mgongo wima, shingo wima, na kila akijaza kiganja ananyoosha mkono juu na kutia kapuni bila kuangalia. Lilikuwa limeshajaa. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama na midomo imekauka.

"Wifi, litue hilo," nikamwambia. "Umeshinda kesi. Huyo kwenye jiwe anitaje mimi, nitapalilia kwa niaba yako."

"Liinue lako," akasema.

"Kwa ajili ya huyu mpumbavu na nzi wake? Kwa ajili ya Jumbe?"

"Nesta, liinue." Hakugeuka, hakuweza kugeuka. "Bustani hii nimepewa kwa sababu kapu ni kapu. Tukilitua mimi na wewe, hapa, wanaona, tumesema wenyewe kwamba ile amri ni ujinga. Na ile amri ikiwa ujinga, kapu ni samaki. Na kapu akiwa samaki, mimi nina kosa tangu siku ile, bustani si yangu, na watoto wangu watalala na njaa."

Mkono wake ukapanda tena juu na maharage, taratibu, ukitafuta mdomo wa kapu.

Nikaliinua langu, nikajitwika, nikachuchumaa kando yake tukaendelea kuchuma.